Sauti Moja: Furaha ya Nyimbo za Mkutano Kanisani

Mtu apitaye njiani Jumapili asubuhi, hata akiwa mgeni wa mahali, hana haja ya kuuliza kanisa liko wapi. Kabla hajaona paa wala msalaba, masikio yake yamekwisha kumwongoza. Husikia kwanza sauti moja nyembamba ya mwimbishaji. Mara sauti hiyo hufunikwa na sauti nyingi, za wazee na za watoto, nzito na nyororo, nyingine zikipanda juu na nyingine zikichelewa kidogo nyuma. Akisogea mlangoni huenda akamwona bibi kizee asiyejua kusoma hata herufi moja, naye aimba beti zote bila kitabu. Kando ya bibi yupo mwalimu, na kando ya mwalimu yupo mchukuzi wa mizigo wa sokoni. Nje ya mlango ule watu hao watatu hawali sahani moja. Lakini kwa muda wa wimbo mmoja wavuta pumzi pamoja na kuitoa pamoja.

Furaha hiyo tumeizoea hata twadhani ilikuwapo siku zote, kama jua na mvua. Sivyo. Historia yatuonyesha kwamba wimbo wa mkutano mzima ulipata kuondolewa vinywani mwa watu, ukakaa karne nyingi mikononi mwa wachache, kisha ukarudishwa kwa taabu. Kitu kilichopata kupotea mara moja chaweza kupotea tena. Kwa hiyo yafaa tujue safari yake.

Hapo mwanzo wimbo ulikuwa wa wote. Mnamo mwaka 112, Pliny, liwali wa Kirumi katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alimwandikia Kaisari Trajan barua kuwahusu Wakristo aliowakamata na kuwahoji. Alieleza kwamba desturi yao ilikuwa kukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kwa kupokezana. Walikuwa watu wachache wenye hofu, na wimbo ulikuwa ngao yao. Lakini katika karne ya nne, baraza la kanisa lililokutana Laodikia liliamuru kwamba wasiimbe kanisani ila waimbaji waliowekwa kwa kazi hiyo. Tena, kadiri miaka ilivyopita, lugha ya ibada katika Ulaya ya magharibi ikabaki Kilatini, ambacho mkulima na mhunzi hawakukielewa. Watu hawakuacha kuimba majumbani mwao na katika sikukuu. Lakini ndani ya ibada kuu mapadre na kwaya ndio walioimba, na umati ukasikiliza.

Aliyefanya kazi kubwa ya kuurudisha wimbo kwa watu ni Martin Luther wa Ujerumani. Yeye alipenda muziki tangu utoto, naye alijua kwamba mtu husahau hotuba upesi, bali wimbo humfuata shambani na jikoni. Mwaka wa 1524 kilichapishwa kitabu kidogo cha nyimbo nane tu kwa Kijerumani, na nne kati yake zilikuwa zake. Nyimbo nane si nyingi. Mtoto aweza kuzijua zote kwa moyo. Lakini zilikuwa katika lugha ya sokoni na ya nyumbani, na kwa hiyo zilienea mji kwa mji. Mama aliyeketi kimya kanisani maisha yake yote sasa alipewa neno la kusema.

Huko Uingereza mambo yalikwenda polepole zaidi. Makanisa mengi yaliruhusu Zaburi peke yake, nazo ziliimbwa kwa uzito na uchovu, hata kijana mmoja, Isaac Watts, akaona haya kwa ajili ya ibada ya wenzake. Mwaka wa 1707 alitoa kitabu cha nyimbo alizozitunga mwenyewe. Baada yake alikuja Charles Wesley, aliyetunga nyimbo zaidi ya 6,000. Kaka yake John aliandika mwaka wa 1761 maagizo kwa waimbaji, ambayo yangefaa kubandikwa ukutani mwa kila kanisa hata leo. Alitaka watu wote waimbe, hata aliye dhaifu na mwenye kuchoka. Waimbe kwa nguvu, wala wasisinzie. Lakini mtu asipaze sauti yake kuzishinda sauti za wenzake, bali azichanganye ziwe sauti moja. Katika maneno hayo machache imo siri ya jambo zima. Katika wimbo wa mkutano kuna makosa mawili: kunyamaza, na kujitukuza.

Miongoni mwa watunzi wa wakati ule yupo mmoja ambaye habari zake zatuleta karibu na Afrika. Jina lake ni John Newton. Katika ujana wake alikuwa nahodha wa majahazi ya watumwa, akiwachukua Waafrika kutoka pwani ya magharibi na kuwavusha bahari. Aliacha bahari mwaka wa 1754, na baada ya miaka kumi akawa kasisi wa mji mdogo uitwao Olney, akiwatungia nyimbo watu wa kazi za mikono wa mji ule. Nyimbo hizo zilitolewa katika kitabu mwaka wa 1779, na mmojawapo, uitwao Amazing Grace, umeenea dunia nzima. Lakini tusimsifu Newton upesi kupita kiasi. Aliimba juu ya neema miaka mingi kabla ya kusema waziwazi juu ya dhambi ya biashara ile; kijitabu chake cha kuishutumu kilitoka mwaka wa 1788. Wimbo mzuri, basi, si kipimo cha haki. Mtu aweza kuimba vema na mnyororo bado umo mkononi mwake.

Sasa na tugeukie pwani yetu wenyewe, ambako nyimbo za namna hiyo zilifika vinywani mwa watu waliotoka minyororoni. Mwaka wa 1873, baada ya Sir Bartle Frere kutumwa Unguja, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Manowari za Kiingereza ziliyakamata majahazi yaliyoendelea na biashara hiyo, na watu waliookolewa walihitaji mahali pa kukaa. Mwaka wa 1875 wamisionari wa CMS walianzisha makao kwa ajili yao barani, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, yakaitwa Frere Town. Kengele ilitundikwa hapo ili iwaonye watu hatari ikija, na mpaka leo mahali pale paitwa Kengeleni.

Fikiri, ewe msomaji, hali ya watu wale. Palikuwa na Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi. Mmoja alinyakuliwa kondeni, mwingine aliuzwa na jirani. Huyu alipoteza mama, yule hakulikumbuka hata jina la kijiji chao. Hawakuwa na ukoo mmoja, wala matambiko mamoja, wala ngoma moja. Watu wa namna hiyo wawezaje kuwa mji? Kiswahili kiliwapa lugha moja. Shule na mashamba viliwapa kazi ya pamoja. Na kanisani, katika nyimbo, walipata kitu adimu kwa mtu aliyekuwa mtumwa, yaani kutoa sauti yake bila kuamriwa na bwana, na kusikia sauti nyingine zikiijibu. Wengine waliokuwa wamelelewa Nasik, karibu na Bombay katika Bara Hindi, walirudi wakawa walimu wa wenzao. Na mwaka wa 1885 wawili miongoni mwao, William Jones na Ishmael Semler, walitiwa mikono na Askofu Hannington. Habari za jamii hiyo ziliandikwa na James Mbotela, mwana wa watu hao hao, katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka wa 1934.

Huenda utauliza, watu wasiojua kusoma waliwezaje kuimba pamoja? Njia ya kwanza ni ya kale: mwimbishaji hutaja mshororo mmoja, na watu huuimba baada yake. Njia hiyo haikuwa ngeni kwa Mwafrika, maana nyimbo zake za kulima, za kutwanga na za kuvuta makasia zilikuwa tangu zamani nyimbo za kupokea na kuitikia. Njia ya pili ni ile ya do, re, mi, iliyobuniwa na mwalimu wa kike wa Uingereza, Sarah Glover, na kuenezwa na John Curwen tangu miaka ya 1840. Faida yake ni kwamba haihitaji mistari mitano wala alama ngumu. Herufi za kawaida zatosha, nazo zaweza kupigwa chapa mahali popote au kuandikwa kwa chaki ubaoni. Kwa njia hiyo shule ndogo ya kijijini iliweza kuimba kwa sauti nne, pasipo kinanda.

Hata hivyo, kazi ya kufasiri ilikuwa ngumu. Nyimbo za Ulaya zina idadi maalumu ya silabi katika kila mstari, na mfasiri alipaswa kuzihesabu, kama vile mshairi wa Lamu au Mombasa ahesabuvyo mizani. Kwa hiyo si ajabu kwamba jina tenzi, litokalo katika ushairi wa pwani, lilichukuliwa likawa jina la nyimbo za kanisani. Ugumu ulikuwa katika mkazo. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho: twasema Bwana kwa kukaza Bwa, na twasema Mungu kwa kukaza Mu. Sauti nyingi za Kiingereza huanza kwa pigo dhaifu na kuishia kwa pigo zito, na hapo neno letu hupindwa likatamkwa visivyo. Katika lugha kama Kikuyu na Kijaluo shida ni kubwa zaidi, maana kupanda na kushuka kwa sauti kwaweza kubadili maana ya neno.

Tena lilikuwapo kosa ambalo halikutokana na lugha. Wamisionari wengi walikataza ngoma na kucheza, wakidhani vyote ni vya ushenzi. Mwafrika aliambiwa amsifu Mungu kwa kinywa, huku mikono na miguu yake ikikaa kimya kama mgeni. Hii ndiyo sababu moja iliyowafanya wengine waanzishe makanisa yao wenyewe, ambamo ngoma ilirudi na mwili ukaimba pamoja na roho.

Wimbo wa mkutano ulipata nguvu mpya katika uamsho ulioanza Rwanda na Uganda. Mwaka wa 1937 ndugu wa uamsho walifika Kabete, na toka hapo habari ikaenea Kenya. Alama yao ilikuwa kiitikio kimoja cha Kiganda, Tukutendereza. Mkikuyu, Mluo, Mtaita na Mzungu walikiimba kwa Kiganda kile kile, wakikumbatiana, bila kujali nani aliketi mbele na nani nyuma. Wakati wa Hali ya Hatari, tangu 1952 hadi 1960, wengi wao walikataa kula kiapo, na pia walikataa kushika bunduki upande wa serikali. Baadhi yao waliuawa. Hapo twaona kwamba furaha ya kuimba pamoja si furaha ya kitoto; iliwafunga watu kwa kamba ambayo hofu haikuweza kuikata.

Kisha ulikuja mwaka wa 1963, mwaka wa mambo makuu mawili. Mwezi wa Desemba Mtaguso wa Vatikano ulitoa hati juu ya ibada, iliyofungulia Wakatoliki njia ya kusali Misa kwa lugha zao na kuleta muziki wa kwao. Mwezi huo huo, tarehe 12, Kenya ilipata uhuru, na taifa likaimba wimbo wake kwa mara ya kwanza mbele ya ulimwengu. Sauti yake ilitokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, na kamati ya watu watano iliutengeneza kwa maneno ya sala. Basi kile ambacho watu walijifunza katika makanisa madogo, yaani kusimama pamoja na kuomba kwa sauti moja, sasa taifa zima lilikifanya, Waislamu na Wakristo na wengineo.

Siku hizi wimbo wa mkutano haukatazwi na baraza wala na lugha ngeni. Hatari yake ni ya namna nyingine. Vipaza sauti vina nguvu kiasi kwamba watu kumi mbele waweza kuwafunika watu elfu nyuma. Na mtu asiyejisikia huacha kuimba, kisha husikiliza, kisha huondoka akisema kwamba leo wameimba vizuri. Hapo ndipo neno sisi linapogeuka kuwa wao. Kwaya ni jambo jema, na vyombo ni vyema pia, lakini vyote vyapaswa kuwa kama mwimbishaji wa zamani aanzaye mshororo, kisha akawaachia wenyewe.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Bibi kizee asiyejua kusoma, mwalimu na mchukuzi, kila mmoja ana kidole chake. Nawe kijana, sauti yako ikiwa nene au nyembamba, usiikopeshe kwa mwingine. Waliotutangulia waliipata kwa taabu, na wengine wao waliipata baada ya kufunguliwa minyororo.