Flashi Isiyobeba Faili

Leo historia kidogo. Mwaka 2015 sigara ya kielektroniki iitwayo Juul iliingia sokoni Marekani. Ilifanana na flashi ya kompyuta, ikachajiwa kwa USB, hivyo mwalimu aliweza kuipita bila kushtuka. Halafu, ajabu! Kampuni yenyewe ikatoa pesa kwa shule, eti zifundishe vijana kuiepuka. Mpango ukafungwa 2018.

Julai 2019 mwanafunzi mmoja aliiambia kamati ya Bunge la Marekani kwamba mjumbe wa kampuni aliyewatembelea shuleni alisema kifaa hicho ni salama kabisa.

Programu ninazoandika hupimwa na mwenzangu, maana jicho langu huipendelea kazi yangu. Somo la shuleni nalo asiliandike muuzaji. Kesi ya nyani tusimpelekee ngedere.