Picha za Ndege za Kivita Kwenye Theluji: Kwa Nini Sahihi ya Penseli Ndiyo Inapandisha Bei

Ukiiona mara ya kwanza unaweza kudhani ni bango la kawaida tu. Uwanja umejaa theluji, ndege ya kivita inapaa, mafundi wamejikunyata kwa baridi. Lakini chukua nakala mbili za picha hiyohiyo: moja inauzwa bei ya bango, nyingine mara nyingi zaidi. Tofauti iko chini, kwenye ukingo mweupe.

Ni picha gani hizi?

Msanii anachora picha moja kwa mkono. Baadaye zinachapishwa nakala chache, tuseme 500, basi. Kila nakala inapewa namba. Ukiona 45/500, ujue hiyo ni ya 45 kati ya 500. Waingereza Robert Taylor na Nicolas Trudgian ni kati ya wachoraji wanaojulikana sana kwa kazi hii.

Kwa nini theluji?

Kwanza, ni historia. Desemba 16, 1944 Wajerumani walishambulia kwenye misitu ya Ardennes, Ubelgiji. Ukungu na mawingu vilizuia ndege nyingi za Marekani na Uingereza kuruka. Anga lilipofunguka Desemba 23, ndege zikajaa angani. Januari 1, 1945 Wajerumani wakavamia viwanja vya ndege vya wapinzani wao asubuhi na mapema. Siku hiyo moja walipoteza marubani zaidi ya 200, waliokufa, kupotea au kutekwa.

Finland nayo ina yake. Januari 6, 1940 rubani Jorma Sarvanto, akiwa na ndege aina ya Fokker D.XXI, aliangusha ndege 6 za mabomu za Kisovieti kwa muda wa dakika kama 4.

Pili, ni macho tu. Kwenye theluji ndege ya rangi nzito inaonekana vizuri. Nyingine zilipakwa rangi nyeupe ili adui asizione, na hapo ndipo mchoraji anaonyesha uwezo wake.

Sahihi ina kazi gani?

Nakala nyingi zilipelekwa kwa marubani waliopigana vita hivyo, nao wakaweka sahihi kwa penseli. Mzee aliyekuwemo angani ameishika karatasi hiyo kwa mkono wake. Hicho ndicho wakusanyaji wanakilipia.

Sasa wazee hao karibu wote wameondoka. Adolf Galland wa Ujerumani alifariki 1996, mwenzake Günther Rall 2009, na Mmarekani Chuck Yeager 2020. Karatasi inaweza kuchapishwa tena kesho, sahihi zao haziwezi. Ndiyo maana matapeli nao wamo.

Kabla hujatoa hela, angalia haya:

1. Tumia kioo cha kukuza. Sahihi iliyochapishwa na mashine huonekana kama vinukta vidogo vya rangi. Ya penseli ni mstari wenye kung'aa kidogo ukiuinamisha kwenye mwanga.

2. Linganisha tarehe. Kama picha ilitoka baada ya rubani kufariki, sahihi yake imefikaje hapo? Wapo wachapishaji wanaobandika karatasi ndogo iliyosainiwa zamani. Hiyo si wizi, ila lazima waseme wazi.

3. Omba cheti chake. Namba iliyo kwenye cheti ifanane na iliyo kwenye picha.

4. Kagua ukingo. Ukiwa umekatwa ili picha iingie kwenye fremu, thamani imeshuka sana.

Ukishainunua, usiitundike panapopigwa na jua, rangi itapauka.

Na muuzaji akikataa kukutumia picha ya karibu ya sahihi, achana naye.