Ujuzi Usio na Shahidi

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii ina hekima nyingi, na mara nyingi imetimia sokoni na shambani. Walakini historia ya kazi na ufundi inatuonya tusiitegemee kupita kiasi. Uko ujuzi usioweza kujiuza, hata uwe mwema namna gani, kwa sababu hutendeka faraghani na matunda yake hayaonekani. Ujuzi wa kulinda siri ni mmojawapo. Mlinzi hodari ni yule ambaye usiku wake umepita bila kisa. Na asubuhi nani atashuhudia kisa ambacho hakikutokea?

Katika insha hii tutautazama ujuzi huo, ambao siku hizi huitwa usalama wa mitandao. Yaani ufundi wa kulinda kompyuta, simu na habari zilizomo ndani yake zisiibwe wala zisiharibiwe. Tutatazama kwa nini kijana mwenye ujuzi huo, akaaye Kitengela au Kajiado, huweza kuubisha mlango wa kazi kwa muda mrefu usifunguliwe. Kisha tutauliza historia inasema nini juu ya milango ya namna hiyo.

Kitengela ni mji ulio kusini ya Nairobi, kando ya barabara iendayo Namanga. Zamani nchi hiyo ilikuwa tambarare ya malisho ya Wamasai, na njia ya nyumbu watokao katika mbuga ya Nairobi. Mwaka 1988 ranchi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake. Mwaka 1990 ilipitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nchi za nje, na eneo moja likawekwa hapo jirani, Athi River. Malisho yakawa viwanja, viwanja vikawa nyumba, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliukuta mji una watu zaidi ya 150,000. Kusini zaidi uko mji wa Kajiado, makao makuu ya kaunti, ambapo ilipitishwa katika miaka ya 1910 reli itokayo Konza ili kuchukua magadi ya ziwani. Na karibu na Konza hiyohiyo, Januari 2013, Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji mpya wa teknolojia. Basi kijana wa sehemu hizi hakai mbali na maendeleo. Anayaona kwa macho yake.

Haja ya walinzi wa mitandao nayo ilikua haraka. Machi 2007 ilianzishwa huduma ya M-Pesa, na fedha zikaanza kusafiri kwa simu. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS, zilizolazwa chini ya bahari, zilifika Mombasa zikaiunganisha Kenya na dunia kwa kasi isiyopata kuonekana. Lakini njia impitishayo mfanyabiashara humpitisha na mwizi pia. Agosti 2017 Benki Kuu ya Kenya iliziagiza benki ziwe na ofisa mkuu wa usalama wa habari. Mwaka 2018 ikatungwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mitandao, na mwaka 2019 Sheria ya Ulinzi wa Data. Julai 2023 mtandao wa serikali uitwao eCitizen, ambao wananchi hupatia huduma zaidi ya 5,000, ulishambuliwa kwa kusongwa na maombi ya uongo hata wenye haja ya kweli wakakosa nafasi. Nchi nzima ikaona kwamba mlango usio na bawabu ni hatari kwa kila mtu.

Mtu angedhani kwamba penye haja kubwa namna hii wajuzi wangepokelewa kwa mikono miwili. Sivyo ilivyo. Komeo la kwanza ni uzoefu. Tangazo la kazi aghalabu hutaka mtu aliyekwisha fanya kazi hiyo miaka mitatu au mitano. Kijana huuliza: nitaupataje uzoefu ikiwa hapana anipaye kazi, na nitapataje kazi ikiwa sina uzoefu? Hata vyeti vina komeo hilo. Cheti cha CISSP, ambacho kilianza kutolewa mwaka 1994 na huheshimiwa duniani kote, humtaka mtu awe na miaka mitano ya kazi ya mshahara katika fani hiyo. Mwenye shahada hupunguziwa mwaka mmoja. Atakayefaulu mtihani bila miaka hiyo huitwa mshirika tu, mpaka aitimize.

Komeo la pili ni gharama. Ada ya mtihani huo imepita dola 700 za Kimarekani, fedha ambazo kwa nyumba nyingi za Kitengela ni kodi ya miezi kadhaa. Komeo la tatu ni sheria yenyewe. Seremala asiye na barua ya sifa huweza kuonyesha kiti alichokitengeneza. Lakini fundi wa usalama akitaka kuonyesha kwamba kufuli ya mtu ni mbovu, akaifungua bila kuagizwa, ametenda kosa. Sheria ya mwaka 2018 humwekea faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au yote mawili. Sheria hiyo ni ya haki, kwani hapana atakaye nyumba yake ijaribiwe na mpita njia. Walakini matokeo yake ni kwamba ushahidi ulio mwepesi kuliko wote umekatazwa.

Tusimhukumu mwajiri kwa haraka. Amwajiriye mlinzi wa mitandao humkabidhi funguo za nyumba nzima. Hanunui ujuzi peke yake. Hununua na uaminifu, na uaminifu hausomeki katika karatasi. Kwa hiyo humwendea mtu ajulikanaye na mtu amjuaye, na kijana asiyejulikana hubaki nje. Jambo hili si geni. Ili tulielewe, yafaa tushuke pwani na kurudi nyuma hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Aprili 1942 manowari za Japani zilishambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon. Jeshi la wanamaji la Uingereza lilirudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa, likaja na wafumbuzi wake wa maandishi ya siri. Hao waliwekwa katika jengo la shule ya Allidina Visram, litazamalo bahari. Humo, mwezi wa Novemba mwaka uleule, waliifumbua lugha ya siri iliyotumiwa na meli za biashara za Japani, ambayo wao waliiita JN-40. Waliipenya kwa sababu Mjapani mmoja aliurudia ujumbe kwa ufunguo uleule, akiwa ameuongezea habari. Kosa dogo la mtu mmoja lilifichua safari za meli nyingi. Mwaka 1943 wafumbuzi hao walirudi Colombo. Kazi hiyo kubwa ilitendeka katika ardhi ya Kenya, nayo ilikuwa mikononi mwa maofisa wa jeshi la Uingereza na wanawake wa jeshi hilo. Walipoondoka walichukua na ujuzi wao, na kiapo cha siri kikafunga vinywa vyao kwa miaka zaidi ya 30.

Wakati ule Mwafrika wa Kenya hakuwa na njia ya kuuingia mlango kama huo. Katika utumishi wa serikali ya koloni vyeo na mishahara vilipangwa kwa rangi, na ni mwaka 1954 tu ambapo Tume ya Lidbury ilipendekeza mpango huo uachwe. Komeo la rangi lilikuwa la dhuluma tupu. Makomeo ya leo si ya namna ile, na kijana asiyaite kwa jina lile. Lakini na yeye aliyebaki nje leo hupoteza miaka yake, na nchi hupoteza kazi ambayo angeifanya.

Huko Uingereza kwenyewe, wakati huohuo, mlango mmoja ulifunguliwa kwa namna ya kufundisha. Wafumbuzi wa maandishi ya siri walikuwa wachache na vita havikungoja. Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph la London lilialika watu washindane kufumbua fumbo la maneno kwa dakika 12. Baadaye baadhi ya waliofaulu walipokea barua za kuitwa kazini Bletchley Park, makao makuu ya kazi hiyo. Hawakuulizwa miaka mitano ya uzoefu, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye nayo. Akili ilipimwa, kisha mafunzo yakafuata. Haja ilipozidi woga, mwajiri aligundua kwamba ujuzi huweza kupimwa wenyewe.

Lakini yuko mwingine wa zama zilezile ambaye kisa chake kinatugusa zaidi. Tommy Flowers alizaliwa mwaka 1905 katika mtaa wa Poplar, mashariki ya London, mtoto wa mwashi. Alikuwa mwanagenzi wa ufundi wa mitambo, akisoma madarasa ya usiku hata akapata shahada, kisha akaajiriwa na Idara ya Posta. Wakati wa vita alisema kwamba mtambo wa vali zaidi ya elfu moja ungeweza kuwasaidia wafumbuzi. Wakubwa wengi hawakusadiki, wakidhani vali zingeungua kila mara. Flowers aliendelea, akitumia hata fedha zake mwenyewe, na mapema mwaka 1944 mtambo wake, Colossus, ulikuwa ukifanya kazi. Vita vilipokwisha, palikuwa na mitambo kumi ya namna hiyo. Ndipo alipoomba mkopo katika Benki Kuu ya Uingereza ili aunde mashine nyingine ya aina hiyo. Benki ilimkatalia, haikuamini kwamba mashine hiyo ingefanya kazi. Naye hakuweza kujibu kwamba alikwisha kuiunda, kwa kuwa alikuwa amefungwa na siri ya serikali. Mjuzi mkubwa wa zama zake alisimama mbele ya meza ya mkopo kama mtu asiye na ujuzi, kwa kukosa shahidi.

Tukiviweka visa hivi pamoja, tunaona jambo moja. Katika kazi ya siri ujuzi peke yake haufungui mlango. Hapana budi awepo mtu wa kuupima, mtu wa kuulea, na mtu wa kuushuhudia. Mahali yanapokuwapo hayo matatu, mtoto wa mwashi huunda Colossus. Yanapokosekana, mtu yuleyule hurudishwa mikono mitupu.

Wafugaji wa Kajiado hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mtoto wa Kimasai huanza na wana-kondoo na ndama karibu na boma, na wazee wakimtazama. Akionekana makini huenda mbali zaidi, mwishowe hukabidhiwa ng'ombe. Hapana mzee amwambiaye mtoto, "Leta kwanza ushahidi wa miaka mitano ya kuchunga ng'ombe, ndipo nikupe ndama." Wala hapana ampaye kundi zima siku ya kwanza. Benki, serikali ya kaunti na viwanda vya Athi River vingeweza kuiga hekima hiyo: kuwapima vijana kwa mtihani wa kazi yenyewe, kuwapokea kama wanagenzi chini ya jicho la fundi, na kuwapa funguo moja moja.

Na kijana asiketi akingoja. Ndama wake mwenyewe wapo. Anaweza kujaribu kufuli katika kompyuta zake mwenyewe, na kuandika kwa lugha safi alichokiona na jinsi alivyokiona. Anaweza kuingia mashindano ya wajuzi, ambayo huwa wazi kwa wote. Yako pia makampuni yanayowaalika watu wayatafutie kasoro na kuwalipa, desturi ambayo kampuni ya Netscape iliifuata mwaka 1995; huko ruhusa imetangazwa na mipaka imewekwa. Anaweza kuwafundisha wenye maduka wa Kitengela jinsi ya kumtambua laghai wa simu, au kuisaidia shule kuzilinda kumbukumbu zake, akiwa na ruhusa ya maandishi, na mwisho wa kazi akaomba barua. Kila barua ya namna hiyo ni shahidi.

Flowers alifariki mwaka 1998, siri yake ikiwa imekwisha kufunuliwa na jina lake kuheshimiwa. Alingoja miaka 30 na zaidi kwa sababu ya kiapo. Kijana wa leo wa Kajiado hakufungwa na kiapo chochote. Na mwajiri wa leo hana udhuru wa vita wala wa siri. Kama wawili hawa bado hawajakutana, ni kwa kuwa katikati yao hajasimama shahidi. Kumpata shahidi huyo ni kazi ya wote wawili, wala haifai ingoje dharura nyingine.