Mgeni Mlangoni: Safari ya Wahudumu wa Familia katika Malezi ya Awali Marekani

Mwaka 1877, mjini Buffalo, jimbo la New York, kiliundwa chama cha kuratibu misaada kwa kufuata mfano wa London wa mwaka 1869. Chama hicho kilituma wanawake wenye uwezo wakabishe hodi kwa maskini, nao wakaitwa wageni wa kirafiki. Urafiki huo ulikuja na daftari: walichunguza kipato, usafi na tabia za wenyeji, ili ijulikane nani anastahili msaada na nani hastahili.

Njia nyingine ilifunguliwa na chekechea. Susan Blow alianzisha ya kwanza ya umma katika jiji la St. Louis mwaka 1873, na katika miongo iliyofuata chekechea za hisani zikaenea mitaa ya wahamiaji. Asubuhi mwalimu alikuwa na watoto. Mchana alikwenda kuketi jikoni na mama zao. Shule za umma zilipozimeza chekechea hizo, walimu wengi walipangiwa kundi la pili la watoto mchana. Hakuna aliyepiga marufuku ziara. Muda wake tu ndio uliochukuliwa. Naliona hilo kuwa pigo kubwa kuliko yote katika historia hii.

Kazi ya kutembelea familia ikabaki mikononi mwa wauguzi na wataalamu wa ustawi wa jamii, ambao Mary Richmond aliwaandikia kitabu chao cha msingi mwaka 1917.

Ndipo ikaja 1965. Rais Lyndon Johnson, katika vita vyake dhidi ya umaskini, alizindua Head Start, mpango wa malezi ya awali kwa watoto wa familia maskini, na kiangazi hicho watoto zaidi ya nusu milioni waliandikishwa. Sheria ya mwaka uliotangulia ilitaka maskini wenyewe washiriki kikamilifu. Huko Mississippi, wanawake Weusi waliozoea kulima pamba na kufua nguo za Wazungu waliajiriwa kulea watoto na kuzifikia familia za jirani zao. Wanasiasa wa jimbo walipigania fedha za mpango huo zikatwe, maana mama aliyelipwa na Washington hakuwa tena chini ya mwenye shamba. Sasa aliyebisha hodi alitoka mtaa uleule.

Mwaka 1994 sheria ilipanua huduma za Head Start hadi kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitatu, na kanuni za 1996 zikaleta mapatano ya ubia: familia ndiyo itaje malengo yake. Kanuni za 2024 zilipanga ukomo wa kawaida wa familia 40 kwa kila mhudumu, hatua ya kuurudisha ule muda uliopotea.

Leo baadhi ya familia hizo zimetoka Kongo na huzungumza Kiswahili. Mhudumu, ambaye huenda mwanawe naye alipitia darasa la Head Start, huvuta kiti, huweka fomu mezani, kisha humwuliza mama anataka nini mwaka huu: leseni ya udereva, darasa la Kiingereza, au nyumba isiyovuja. Kinachoandikwa ni jibu la mama.