Mwendo wa Ngoma Ulivyoziingiza Kombaini Ndogo Mashambani Marekani

Mwaka 1935 kampuni ya Allis-Chalmers ilianza kuuza kombaini ndogo ya kukokotwa na trekta, iliyotengenezwa katika kiwanda chake cha La Porte, Indiana, kwa jina la All-Crop. Ilikata upana wa futi 5 tu. Kuenea kwake huelezwa mara nyingi kwa bei: ilikuwa miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, na mwenye shamba dogo hakuweza hata kuziwazia zile kombaini kubwa za California. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Bei nafuu huifanya mashine inunulike, haiifanyi imlipe mwenyewe. Mkulima wa Indiana au Illinois alikuwa na ngano, soya na mbegu za klova katika shamba lilelile, na mashine inayojua ngano peke yake ingemkalia bandani karibu mwaka mzima. Kilichoipa kombaini ndogo nafasi, kwa maoni yangu, ni urahisi wa kubadilisha mwendo wa ngoma yake ya kupuria.

Punje ya ngano imeshikwa na makapi, hivyo hutaka kipigo kikali ili itoke. Soya iliyokauka hufunguka yenyewe kwa kuguswa, ila mbegu yake ni nusu mbili zilizofunikwa na ngozi nyembamba. Ukiipiga kwa mwendo wa ngano inapasuka, na iliyopasuka haioti. Kinachopiga punje ni ukingo wa ngoma, na kasi ya ukingo hutegemea pia kipenyo. Ngoma ya inchi 15 ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, ukingo wake huenda kama mita 24 kwa sekunde, kasi ya kawaida kwa ngano. Ngoma ya inchi 22 kwa mizunguko ileile hufikia mita 35, na hapo hata ngano huvunjika. Kunakili namba ya jirani bila kupima ngoma yake kulikuwa kuharibu mavuno kwa mikono yako mwenyewe. Katika All-Crop ngoma ilizungushwa kwa mkanda uliopita kwenye puli ambazo pande zake husogezwa, mwendo ukapanda au kushuka, na pau za kupigia za ngoma hiyo zilivikwa mpira.

Yupo atakayesema kwamba kitabu cha mashine kilikuwa na jedwali la mazao, basi kazi imeisha. Jedwali ni mahali pa kuanzia tu. Ngano yenye umande wa asubuhi haipuriki kama ile ya saa nane mchana. Tena namba za jedwali zilidhani kwamba shafti ya nguvu ya trekta inazunguka mara 540 kwa dakika. Dereva aliyepunguza moto kwa sababu mabua ni mazito alipunguza pamoja nao ngoma, feni na vyekecheo. Na kwa matrekta mengi ya wakati ule, ukikanyaga klachi mashine nzima ilisimama, ngoma ikasongwa na majani mabichi yaliyobidi kuchomolewa kwa mkono. Ndiyo maana baadhi ya kombaini zilifungwa injini zake zenyewe. Mwingine atasema, basi mwendo mdogo ni salama daima. Sivyo. Ngoma ikienda taratibu mno, masuke yasiyopurika hurudishwa kupigwa upya pamoja na punje zilizokwisha kutoka, na punje hizo huvunjika katika mzunguko wa pili. Nafasi kati ya ngoma na wavu wa chuma ulio chini yake nayo ina uzito wake, lakini haiwezi kuokoa mwendo uliokosewa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kombaini zinazojiendesha zenyewe zilichukua nafasi ya hizi za kukokotwa. Kanuni ya ngoma haikubadilika, nayo inafanya kazi leo ndani ya mashine ndogo za kupuria maharage na mpunga vijijini kwetu. Anayekodi mashine hiyo aulize kipenyo cha ngoma pamoja na mizunguko, apure fungu moja kwanza, kisha akague punje na majani yaliyotoka kabla ya kuingiza mavuno yote.