Pointi sita za takataka

Kuna ligi moja ya soka hapa Nairobi iliyojijengea jina kwa kanuni ya ajabu kidogo. Ukishinda mechi unapata pointi 3, kama kwingineko duniani. Lakini timu yenu ikiamka asubuhi, ikashika reki, sepetu na mkokoteni, ikazibua mitaro na kuzoa taka za mtaa wake, inapata pointi 6. Naam, sita. Unaweza kuwa na mshambuliaji anayefunga kila wiki na bado ukapitwa kwenye jedwali na timu ya kawaida tu ambayo haikosi siku ya usafi.

Ligi hiyo ni ya Mathare Youth Sports Association, MYSA kwa wanaoifahamu. Leo nataka tuongee historia yake, maana nadhani tumezoea kuisimulia vibaya.

Tunavyoisimulia ni hivi: mzungu mmoja alipita mtaa wa mabanda, akaona watoto wanacheza mpira wa juala, akawapenda, akawaletea mpira wa kweli. Makofi, picha ya mtoto anayetabasamu, mwisho. Ukweli umo ndani yake, sikatai. Mkanada Bob Munro, aliyekuwa mshauri wa mambo ya mazingira na maendeleo katika Umoja wa Mataifa, ndiye aliyeanzisha chama hicho mwaka 1987, na sharti lilikuwa nipe nikupe tangu mwanzo: mkifanya kitu, nasi tutafanya, msipofanya, nasi hatufanyi. Lakini hadithi hiyo haituambii kwa nini takataka. Kwa nini watoto wa Mathare hawakuambiwa waimbe kwaya?

Jibu lake linapatikana City Hall. Mwaka 1983 serikali ya Rais Moi ilivunja Baraza la Jiji la Nairobi na kuweka tume ya kuteuliwa. Tume hiyo ilikaa, ikaongezewa muda, ikakaa tena, hadi uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Piga hesabu. Kwa karibu miaka 10 mkazi wa Nairobi hakuwa na diwani wa kumchagua wala wa kumlaani. Lori la taka lisipofika, ulikuwa unamlalamikia nani? Na kama wewe ni wa Mathare hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu katika vitabu vya jiji nyumba yako haikuwa nyumba. Ilikuwa kibanda kinachosubiri kubomolewa. Huwezi kumtumia mtu wa kibanda lori la kanjo, ni kama kukiri kwamba anaishi pale.

Kwa hiyo taka zilibaki. Zilijaa mitaroni, mvua ikinyesha maji machafu yanaingia ndani, na anayelala chini ni mtoto. Zilifunika hata sehemu chache za wazi ambazo mtu angeweza kupiga mpira. Kufagia hakukuwa somo la mazingira lililobuniwa ofisini. Usipozoa, huchezi. (Halafu fikiria hili: juala lililoziba mtaro ndilo hilo hilo lililosokotwa kwa kamba likawa mpira. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, watoto wa siku hizi sijui wanatumia nini.)

Kuna jambo jingine ambalo hadithi ya mzungu na mpira hulifunika. Mathare ilikuwa inajiendesha zamani sana kabla ya 1987. Bonde lile lilikuwa machimbo. Mawe yake yamejenga sehemu ya mji huu tunaojivunia. Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni waliliona kama maficho ya Mau Mau wakabomoa nyumba za watu. Baada ya uhuru watu walirudi, wakajenga tena, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiwahudumia, walijichagulia kamati za vijiji. Mwanasayansi wa siasa wa chuo kikuu, Marc Howard Ross wa Marekani, alifanya utafiti huko akachapisha kitabu mwaka 1973, na picha anayoitoa si ya watu waliokaa wakisubiri msaada. Ni watu wanaotatua ugomvi wao, wanaochangishana, wanaokwenda kubishana na wakubwa. Watoto wa 1987 walikuwa wajukuu wa kamati hizo. Waliopewa mpira tayari walikuwa wanajua kupanga mambo.

Na walipanga. MYSA ilikuja kuwa na mabaraza ya kanda ambayo viongozi wake huchaguliwa na vijana wenyewe, wengi wao wakiwa na umri wa kidato cha pili au cha tatu. Weka hilo kando ya mwaka 1988, wakati Wakenya wazima walipangwa mlolongo nyuma ya picha za wagombea na mlolongo mfupi ukatangazwa mshindi. Kijana aliyejitolea kufundisha wadogo au kusimamia usafi alijikusanyia pointi zake binafsi, na waliofanya vizuri walilipiwa karo, pesa zikienda shuleni moja kwa moja. Wasichana walianza kuwa na timu zao 1992. Mwaka huo huo MYSA ilipata tuzo ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri, upande wa pili wa msitu wa Karura.

Mpira nao haukuachwa. Mathare United iliundwa 1994, ikatwaa Moi Golden Cup 1998 na tena 2000, kisha ubingwa wa ligi kuu 2008. Dennis Oliech alipita pale kabla ya kwenda Qatar na Ufaransa. Mashabiki wa Gor na AFC mtaniwia radhi, hilo linatosha.

Sasa nifike kwenye linalonikera. Serikali iliyoshindwa kuzoa taka iliona wazo hili ni zuri, ikalichukua, ikaondoa uchaguzi na karo, ikabakisha fagio. Mwaka 2009 tukaletewa Kazi kwa Vijana. Kufikia 2011 Benki ya Dunia ilikuwa imejitoa baada ya maswali kuhusu matumizi ya pesa. Kisha NYS wakaingia mitaa ya mabanda, na mwaka 2015 tukasikia habari ya shilingi milioni 791. Wakati wa korona, 2020, ikaja Kazi Mtaani, ambapo awamu ya pili kijana alilipwa shilingi 455 kwa siku. Kila mradi ulikuja na fulana zake na ukaondoka nazo.

Najua kuna watakaosema hata MYSA ilikuwa inawatumia watoto kufanya kazi ambayo jiji lilipaswa kulipia. Ni hoja nzito na siipuuzi, nimeifikiria sana. Mtoto hapaswi kuzibua mtaro wa jiji linalotoza ushuru hadi wauza mboga. Tofauti ninayoiona ni kwamba yule wa ligi alikuwa na kura katika chama chake. Yule wa fulana hakuulizwa lolote.

Vijana wa Mathare hawajaacha kujipanga. Mathare Green Movement wamepanda miti kuwakumbuka vijana waliouawa na polisi, mti mmoja kwa jina la mtu mmoja, mahali palipokuwa jaa.

Kisha ikaja Aprili 2024. Mto Mathare ulifurika, watu wakafa, nyumba zikachukuliwa na maji. Serikali ikaamuru wote waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na Mei tingatinga zikashuka bondeni kumalizia zilizobaki. Rais alifika Mathare, akaahidi kila familia iliyobomolewa shilingi 10,000 ya kutafutia pa kukaa. Ukigawanya kwa malipo ya Kazi Mtaani, ni kama siku 22 za kuzibua mitaro.