Hatari ya Wanafunzi wa Vyuo Kutumia Dawa za Kuongeza Umakini bila Cheti cha Daktari

Dawa za kuchangamsha ubongo, zikiwemo methilifenideti na amfetamini, hutolewa kwa cheti cha daktari kwa wagonjwa wenye tatizo la upungufu wa umakini. Zote mbili zimo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili.

Nchini Marekani, baadhi ya wanafunzi wa vyuo huzimeza ili wakeshe wakijiandaa na mitihani, na wengi wao huzipata kwa rafiki mwenye cheti halali. Mwaka 2023, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo (FDA) iliagiza maonyo ya dawa hizo yaeleze bayana hatari ya kugawiana.

Dawa hizo huondoa usingizi, ilhali ubongo huuhitaji usingizi huo ili kuhifadhi yaliyosomwa. Matumizi holela huweza kupandisha shinikizo la damu, kuvuruga mapigo ya moyo na kusababisha uraibu. Kidonge kinachomfaa mgonjwa aliyepimwa na kupangiwa dozi chaweza kumdhuru mwenzake mwenye maradhi ya moyo yasiyogundulika.

Mwanafunzi anayeshindwa kuzingatia masomo anashauriwa kumwona daktari. Mwenye cheti naye ahifadhi dawa zake mahali salama na asimpe mtu mwingine.